Kabla ya Betri ya Nne: Kisa cha Land Cruiser ya Kliniki ya Milimani

Gari na mahali linapofanya kazi

Mimi ni fundi umeme wa magari, Mbeya mjini. Kisa hiki nakiandika kwa sababu sehemu ya kosa ilikuwa yangu, na kwa sababu naona magari mengi yanapita njia ileile. Majina ya watu, kijiji na taasisi nimeyaondoa. Vipimo ni vile nilivyoandika kwenye daftari siku hizo.

Gari ni Land Cruiser hardtop, ile inayoitwa mkonga, injini ya 1HZ: dizeli, silinda sita, lita 4.2. Ni la kituo kidogo cha afya upande wa Makete, mahali palipo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Jumatatu hadi Ijumaa linazunguka vijiji likiwa na wauguzi wawili, mizani ya kupimia watoto na kasha la chanjo. Jumamosi na Jumapili linalala.

Anayeijua njia ya kutoka Chimala kupanda Matamba anaijua Hamsini na Saba, kona 57 za mlima mmoja. Ukishafika juu, njia za vijijini ni mawe, na kiangazi zinakunjamana kama bati. Juni na Julai unaamka unakuta sakitu imeweupisha majani. Kwenye uwanda wa Kitulo, kama mita 2,600, hewa ina kama robo tatu tu ya mgandamizo wa hewa ya Pwani.

Hayo yote yanamwangukia stata, mota inayozungusha injini ili iwake, kwa dakika moja. Dizeli haina cheche. Mafuta yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyepesi na baridi, joto hilo linachelewa, kwa hiyo injini inataka kuzungushwa kwa kasi na kwa muda mrefu zaidi. Plagi za kupasha zimeshakula makumi ya ampea kabla hujapiga stata. Oili imekuwa nzito. Na betri yenyewe, ikipoa, kemia yake inapungua kasi na inatoa umeme kidogo kuliko uliouona mchana.

Kilichotokea, tangu Machi hadi Agosti

Betri ya kwanza ilikuwa ya maji, ukubwa wa D31, ambao wengi bado tunauita N70. Ilidumu miaka minne. Mwezi Machi ikaanza kuvuta kwa uvivu. Dereva, mzee aliyezoea milima hiyo, akawa analaza gari kwenye mteremko kila jioni ili asubuhi aliachie, aliingize gia na kuliwasha. Ni ujanja wa kweli, ila una kikomo: kwenye 1HZ kuna solenoidi, vali ya umeme inayofungua njia ya mafuta, nayo inahitaji umeme. Betri ikifa kabisa gari halitawaka, hata likiteremka mlima mzima.

Aprili ofisi ikamtuma mtu mjini kununua betri mpya. Akarudi na betri kavu, iliyozibwa, yenye jicho la kijani juu, kidirisha cha kuonyesha kama betri ina chaji, kwa laki moja na elfu tisini. Ilikuwa fupi kuliko ya zamani, sentimita 26 badala ya 31. Dukani aliambiwa inatosha, na kweli gari likawaka. Lakini kile chuma cha kubana betri hakikufika, wakaifunga kwa mpira uliokatwa kwenye tairi ya ndani.

Jumatatu moja ya Julai gari likagoma. Mzee akasimamisha Fuso iliyokuwa imepakia viazi, akabusti. Hapa alifanya jambo la maana sana: Fuso ile ina volti 24, betri mbili za 12 zilizoungwa mfululizo, naye akachukua umeme kwenye betri moja tu, ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye bodi. Angeunganisha volti 24 zote angeunguza alternata (jenereta inayochaji betri injini ikizunguka), redio, na pengine betri ingempasukia usoni.

Gari likaletwa kwangu, na hapo ndipo nilipokosea. Niliichaji betri usiku kucha, asubuhi nikapima volti 12.7, nikaona jicho ni la kijani. Alternata ilikuwa inatoa 14.1, sawa kabisa. Saa nne, jua la Mbeya limeshapasha boneti, nikapiga stata na injini ikashika mara moja. Nikamwambia mzee, "Betri ni nzima, labda mlisahau taa." Akanitazama, akasema, "Sawa fundi." Akaondoka.

Jumatatu iliyofuata gari liligoma tena. Wauguzi walifika kijijini saa nane mchana. Mama mmoja alikuwa ametembea saa tatu na mtoto mgongoni, akasubiri, akarudi. Sista anayesimamia kituo akanipigia simu. Hakufoka. Alisema, "Fundi, naomba uniambie ukweli, kama hujui sema hujui, tutafute mwingine." Maneno yale bado ninayo.

Duka liliheshimu dhamana, likabadilisha betri kwa nyingine ya aina ileile. Hiyo ndiyo ya tatu. Ilimaliza wiki sita. Nikamwambia Sista asinunue kitu chochote mpaka nipande mwenyewe.

Nilichopima alfajiri

Nilifika Jumapili jioni, nikalala pale kituoni. Ijumaa nilikuwa nimemwomba mzee kwa simu apime volti jioni, gari likiwa limekaa kidogo baada ya kuzimwa. Mita nilimpelekea kwa basi. Aliandika 12.6. Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla mtu hajafungua mlango, nikapima mimi: 12.1.

Kwa betri ya risasi na asidi iliyotulia, 12.6 hadi 12.7 ni kujaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Kwa hiyo ndani ya saa 60 za kulala, betri ile ilikuwa imebaki na kama asilimia 40. Kuna kitu kilikuwa kinakunywa.

Nikafungua waya wa hasi, nikaweka mita ya ampea katikati, nikafunga milango na kungoja nusu saa ili vitu vyote vilale. Mita ikasimama kwenye 0.31. Gari la namna hii likiwa limezimwa halipaswi kuzidi 0.05. Nikachomoa fyuzi moja moja, mita haikusogea. Ndipo nikafuata waya zilizofungwa moja kwa moja kwenye betri, zisizopitia swichi: kifaa cha kufuatilia gari kilikula 0.04, na inveta ndogo, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, ya kuchajia simu na kompyuta ya wauguzi ilikula 0.25 bila kitu chochote kuchomekwa. Swichi yake ilikuwa chini ya kiti, na taa yake ilikuwa imekufa. Hakuna aliyejua kwamba inawaka.

Hesabu ni rahisi: 0.31 mara saa 60 ni ampea-saa 18.6. Betri ile iliandikwa ujazo wa ampea-saa 65. Kupoteza 18.6 kungeiacha na zaidi ya asilimia 70, lakini ilikuwa na 40. Maana yake ujazo wake halisi ulikuwa kama 31, chini ya nusu ya ulioandikwa, na ilikuwa na umri wa wiki sita. Inveta peke yake haielezi hilo.

Nikashika betri kwa mikono miwili, nikaitikisa. Ikacheza upana wa kidole, kwenye mpira ule. Betri ni mabamba ya risasi yaliyopakwa unga unaofanya kazi ya kemia. Ukiitikisa kila siku kwenye njia ya mabati, unga unadondoka chini na viungo vya ndani vinachoka, na huoni kitu kwa nje. Betri ikikaa nusu tupu kila mwisho wa wiki, mabamba nayo yanaota salfeti ngumu isiyorudi tena kwa kuchaji.

Mchana, baada ya kuichaji, nikaipa mzigo: nusu ya ampea za kuwashia zilizoandikwa, kwa sekunde 15. Betri nzima katika joto la kawaida inabaki juu ya 9.6. Hii ilishuka hadi 8.4.

Jambo la mwisho nililikuta karibu kwa bahati. Mzee akipiga stata, nikaweka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi na nyingine kwenye chuma cha injini. Palipaswa kuwa na upotevu wa volti 0.2, isizidi 0.3. Nikasoma 0.9. Waya wa eathi, unaounganisha hasi ya betri na injini, ulikuwa umeliwa na ukoga wa kijani ndani ya ganda lake, kwa nje ukionekana mzima. Karibu volti moja ilikuwa inapotea kabla haijafika kwenye stata, na kila mtu alikuwa anailaumu betri.

Kuchagua

Tulikaa watatu, mimi, Sista na mzee. Kulikuwa na mapendekezo, na kila moja lilikuwa na akili ndani yake.

Stoo kulikuwa na betri ya jeli ya sola, ampea-saa 100, mpya. Sista aliuliza kwa nini tununue wakati ipo. Nilimweleza hivi: betri ya sola ina mabamba manene, inatoa umeme kidogo kwa usiku mzima na inastahimili kushuka chini sana. Betri ya kuwashia ina mabamba mengi membamba, yanayotoa mamia ya ampea kwa sekunde chache kisha yanarudishiwa. Ile 100 iliyoandikwa ni ya ukaaji, haisemi lolote kuhusu nguvu ya dakika ya kwanza. Betri ya jeli pia haipendi kuchajiwa kwa volti za juu za alternata. Ikabaki stoo kwa ajili ya taa za wodi.

Mzee alitaka N100. Ingekuwa na nguvu, lakini ina urefu wa sentimita 41, na kikalio cha gari hili ni cha D31. Tungerudi kwenye kufunga kwa mpira. Zaidi ya hapo, betri kubwa ingechukua siku nyingi zaidi kunywewa na inveta, na nyingi zaidi kufa, na sisi tungedhani tumepona.

Pendekezo la tatu, la AGM, aina nyingine ya betri iliyozibwa, lilinitesa. Ndani yake asidi imenyweshwa kwenye mkeka wa nyuzi za kioo, na mabamba yamebanwa, hivyo mtikisiko hauimalizi upesi. Kwa njia kama zile ni betri nzuri, na mwenye fedha asisite. Bei tuliyopewa Mbeya ilikuwa zaidi ya mara mbili ya betri ya maji. Ikifa, hakuna duka la karibu lenye nyingine. Pia huwezi kuifungua kupima seli kwa haidromita, kipimo cha uzito wa asidi. Niliona kwamba mtikisiko tunaweza kuuondoa kwa chuma cha kubana cha shilingi elfu kumi na tano, na fedha iliyobaki inunue waya.

Tukaamua: betri ya maji yenye vifuniko, ukubwa uleule wa kiwandani, 95D31R. Maandishi hayo wengi huyapita, nayo yana kila kitu. Namba ya kwanza ni daraja la nguvu, kubwa ni bora. D ni kipimo cha upana na kimo. 31 ni urefu kwa sentimita. Herufi ya mwisho, R au L, ni upande wa nguzo. Ukikosea, waya wa chanya hautafika, au utafika kwa kuvutwa juu ya chuma, na huo ni moto unaosubiri. Mwenye Land Cruiser ya dizeli iliyotoka soko la Japani aangalie kwanza kama si ya volti 24, maana zipo.

Nikazunguka maduka matatu Mwanjelwa. Namba niliyoitafuta si ampea-saa peke yake, bali ampea za kuwashia kwa baridi: mzigo ambao betri mpya inaubeba kwa sekunde 30 kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bila kushuka chini ya volti 7.2. Milima yetu haifiki huko, lakini kipimo kile kinalinganisha betri kwa haki. Nilitaka juu ya 600.

Duka la kwanza betri haikuwa na tarehe. La pili ilikuwa na miezi 14 kwenye rafu, volti 12.3; betri inajinywa yenyewe hata ikiwa haijaguswa, na ikikaa hivyo inaota salfeti kabla hujainunua. La tatu ilikuwa na miezi mitatu, 12.65. Kabla ya kulipa niliomba mizani ya muuza maharage wa jirani. Betri niliyoichagua ilikuwa kilo 21. Nyingine ya ukubwa uleule na maandishi yaleyale, ya bei ya chini, ilikuwa 16 na nusu. Uzito wa betri ya maji ni risasi na asidi. Kilo nne na nusu zilizokosekana ni risasi ambayo haikuwekwa. Kipimo hiki kina maana tu ukilinganisha betri za aina moja na ukubwa mmoja. Tulilipa laki tatu na elfu thelathini.

Kufunga

Kazi hii ilichukua siku nzima, na betri ilikuwa ya mwisho kuguswa. Fundi wa kuchomelea alitengeneza chuma cha kubana na boliti mbili ndefu. Chini ya betri nikalaza kipande cha mpira mgumu. Ukibana, betri isitembee hata kidogo, lakini usikaze mpaka ganda lipinde, litapasuka.

Waya wa eathi nikaubadilisha wote, wa kwenda injini na wa kwenda bodi, nikakwangua rangi pale panaposhika mpaka chuma king'ae. Upotevu ukashuka hadi 0.15. Inveta nikaipitisha kwenye relei, swichi inayoendeshwa kwa umeme, inayoamka pale tu ufunguo unapowashwa. Kifaa cha kufuatilia nikakiacha, ampea zake 0.04 hazina madhara. Nikafunga chanya kwanza na hasi mwisho, kama inavyotakiwa.

Mzee nikamwachia mita, haidromita na kazi tatu: kupima volti kila Jumatatu alfajiri kabla ya kuwasha, kuangalia maji kila mwezi na kuongeza maji ya betri tu, kamwe asidi wala maji ya kisima, na kukaza boliti.

Matokeo

Betri ilifungwa Septemba. Imepita misimu miwili ya baridi. Daftari la mzee linaonyesha 12.5 na 12.6 Jumatatu baada ya Jumatatu, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Mara moja boliti ililegea, aliiona yeye. Mara moja seli mbili zilipungua maji, akaongeza. Hakuna siku ya kliniki iliyopotea kwa sababu ya kuwasha gari.

Julai iliyofuata nilipanda kwa kazi nyingine. Gari lilikuwa limelala uwanjani, mahali tambarare, pua imeelekea ukutani.

Kilichofaa na kilichoshindwa

Nikirudi nyuma, kosa kubwa kuliko yote ni kwamba betri ya pili ilinunuliwa kabla ya mtu yeyote kuuliza ile ya kwanza ilianza kuchoka kwa nini. Inveta ilifungwa mwaka mmoja kabla. Eathi ilikuwa inaliwa taratibu. Miaka minne kwenye njia zile ni umri wa heshima, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa, na hapo ndipo uchunguzi ulipokosekana.

Kosa la pili ni langu. Volti 12.7 niliyoipima ilikuwa betri iliyotoka tu kwenye chaja. Umeme wa juujuu huo unadanganya mpaka betri itulie saa kadhaa au uwashe taa kubwa dakika chache kuuondoa. Zaidi ya hapo, volti za kutulia zinakueleza betri imejaa kiasi gani, hazikuelezi ina nguvu gani. Ndoo iliyojaa matope nusu nayo inaonekana imejaa maji. Jicho la kijani linatazama seli moja kati ya sita. Nyingine tano zinaweza kuwa zimekufa nalo likabaki kijani. Na nilijaribu gari saa nne ya jua wakati ugonjwa wake ulikuwa wa alfajiri. Mzee alijua kwamba hakuacha taa. Sikumsikiliza.

Kubadilisha kwa dhamana hakukusaidia, na duka silioni kuwa na kosa kubwa. Betri ile pengine ingedumu kwenye gari dogo la mjini. Ilichukuliwa ikafungwa kwa mpira na kupelekwa kwenye mawe. Baridi nayo nisiibebeshe mzigo usio wake: joto na mtikisiko ndivyo vinavyoua betri, baridi inakuja kuonyesha maiti.

Kilichofaa zaidi ni kupima mahali gari linapolala na saa linapogoma. Bila ile 12.1 ya alfajiri ningeuza betri ya nne na ya tano. Cha pili ni daftari la dereva. Uamuzi wa kuacha AGM nausimamia kwa kituo kile na fedha ile. Kwa gari la wenye gereji ya karibu ningeamua vingine.

Betri zilizokufa nilishuka nazo Mbeya kwa mkono wangu, zikiwa wima, kwa mnunuzi wa betri mbovu anayezipeleka zikayeyushwe. Sikutaka zibaki nyuma ya kituo ambako watoto wanacheza na maji ya mvua yanateremka kwenda kwenye visima. Risasi haiozi.

Gereji kwetu sasa gari likiletwa kwa shida ya kuwaka alfajiri, linalala. Ninalipima kesho yake kabla ya jua, mteja akiwepo.